TCCIA, JWT, CTI au TWCC: ada yako ya mwaka ujao uipeleke wapi?

Mwaka unapoelekea ukingoni, chemba na vyama vya wafanyabiashara huitisha mikutano. Viongozi husoma taarifa ya kazi, hutangaza mipango ya mwaka unaofuata, kisha wanachama hukumbushwa ada. Hapo ndipo wengi wenye biashara ndogo na za kati hapa Tanzania hukwama. Kuna TCCIA, kuna CTI, kuna JWT, kuna TWCC, kuna TPSF, na kila kimoja kinajitambulisha kuwa sauti ya sekta binafsi. Kulipia vyote ni mzigo kwa mwenye mtaji wa kawaida. Kukaa nje ya vyote nako kuna hasara, maana tozo na kanuni zinazokubana hupangwa kwa kuwasikiliza waliofika kwenye kikao.

Niseme msimamo wangu mapema: lipia kimoja, na ukichague kwa kujiuliza shida yako kubwa inaamuliwa na nani. Je, ni halmashauri yako, ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iliyo karibu nawe, wizara iliyoko Dodoma, au kikao cha mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki? Vyama hivi vina milango tofauti, na hakuna chenye funguo za yote.

Asili ya kila kimoja

TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, ilianzishwa 1988, enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, uchumi ulipokuwa unafunguliwa baada ya miaka mingi ya mashirika ya umma kushika biashara. Ndiyo yenye mtandao mpana zaidi mikoani na wilayani, na inapokea wafanyabiashara wa aina zote. CTI, Shirikisho la Viwanda Tanzania, ilifuata 1991 na ni ya wenye viwanda. TPSF, Taasisi ya Sekta Binafsi Tanzania, ni ya 1998. Huo ni mwavuli, na uzito wake uko kwenye vyama na kampuni kubwa. TWCC, Chemba ya Wanawake Wafanyabiashara, ilianza 2005. JWT, Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania, ni ya wenye maduka, wauzaji wa jumla na waagizaji, na moyo wake uko kwenye soko la Kariakoo, Dar es Salaam.

TPSF naiweka kando katika ulinganisho huu. Ukiwa na duka la vifaa vya ujenzi Singida au karakana ya watu wanane Morogoro, utafaidika nayo kupitia chama chako. Ada yako ya kwanza isianzie huko.

TCCIA na JWT: meza ya mkoa na nguvu ya soko

Hapa ndipo wengi huwa na swali gumu, kwa sababu mwenye duka anaweza kujiunga na chochote kati ya hivi viwili.

Nguvu ya JWT ilionekana wazi Mei 2023. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia usajili wa stoo, kamatakamata ya wateja wao na namna kodi zilivyokuwa zinakusanywa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda mwenyewe kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na kamati ikaundwa. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hii mgomo ukaenea hadi miji mingine. Serikali ikaketi na viongozi wa jumuiya. Hakuna chemba nyingine nchini inayoweza kumfikisha Waziri Mkuu sokoni kwa siku chache namna hiyo.

Lakini angalia nguvu hiyo inavyofanya kazi. Inafika haraka pale shida ni ya wengi na imeshaiva. Kama shida yako ni ya peke yako, tuseme makadirio ya kodi yaliyokosewa, ushuru wa halmashauri unaotozwa mara mbili kwa mzigo mmoja, au leseni iliyokwama kwa afisa biashara, hakuna atakayefunga soko kwa ajili yako. Tena kadiri unavyokuwa mbali na Kariakoo, ndivyo inavyokubidi uchunguze kama jumuiya ina viongozi wanaofanya kazi katika mkoa wako au ina majina tu.

TCCIA inatembea polepole kwa njia nyingine. Tanzania ina Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa 2001, ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Chini yake kuna mabaraza ya biashara ya mikoa na wilaya. Baraza la mkoa huongozwa na mkuu wa mkoa, na upande wa sekta binafsi mara nyingi hushikwa na TCCIA. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa chemba wa mkoa wako ana kiti mbele ya mtu anayeweza kumuuliza mkurugenzi wa halmashauri kwa nini geti la mazao linatoza asubuhi na jioni. Hiyo ni nafasi kubwa kuliko wanachama wengi wanavyoifahamu.

Nafasi hiyo ina kasoro moja: baraza lisipokutana, kiti hakina kazi. Kwa hiyo kabla ya kulipa TCCIA, usiulize chemba ya taifa imefanya nini. Uliza baraza la biashara la mkoa wako limekaa lini mara ya mwisho, na chemba ilipeleka hoja zipi. Tawi litakalokujibu kwa tarehe na hoja lina thamani ya ada yake. Tawi litakalokuonyesha picha za semina bado halijajibu swali.

Kuna jambo la pili ambalo TCCIA inalo na JWT haina: karatasi. TCCIA ndiyo inayotoa vyeti vya uasili wa bidhaa, vile ambavyo mnunuzi au forodha ya nchi ya pili huhitaji ili kuthibitisha kwamba mzigo umezalishwa Tanzania. Msafirishaji wa ufuta, korosho au viungo hawezi kuzunguka jambo hili. Uliza tofauti ya gharama na huduma kati ya mwanachama na asiye mwanachama, kisha zidisha kwa idadi ya safari za mzigo wako kwa mwaka. Kwa baadhi ya watu hesabu hiyo peke yake inamaliza mjadala.

Lakini usijiunge kwa sababu ya cheti kama biashara yako ni ya kuvuka Namanga, Holili au Mutukula na mizigo midogo. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani kwa maofisa wa forodha. Akina mama wengi wa mpakani wamekuwa wakipita njia za panya kwa kutokujua hilo, wakapoteza mzigo ambao ungepita kihalali bila ushuru wa forodha.

Na tahadhari nyingine kwa wageni wa mambo haya: TCCIA Investment, kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2018, si chemba yenyewe. Ukinunua hisa zake umekuwa mwanahisa. Hujawa mwanachama wa chemba, na hutapigiwa simu baraza la mkoa likikutana.

Kwa hiyo mwenye duka la jumla Kariakoo, ambaye maumivu yake makubwa ni TRA na bandari, nitamwambia JWT. Mwenye ghala la mpunga Kahama, mwenye nyumba ya wageni Songea, mwenye lori mbili Sumbawanga, nitawaambia TCCIA, mradi tawi lao liko hai.

CTI: fundi wa Keko na mwagizaji wa samani

Ukitaka kuona kwa nini huwezi kuchagua chemba kwa jina zuri, angalia ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi ulikuwa na ngazi tatu: asilimia 0, 10 na 25. Kuanzia 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi wanachama ziliamini zinaweza kutengenezwa hapa. Samani ni miongoni mwake.

Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayetengeneza makabati na vitanda alipumua. Mwagizaji anayeleta sofa kwa kontena alikunja uso. Wote wawili ni wafanyabiashara, wote ni Watanzania, wote wanalipa kodi. Hakuna chama kinachoweza kuwatetea wote wawili kwa nguvu ileile katika suala hilo moja. Chemba yenye wanachama wa kila aina, kama TCCIA, hulazimika kutafuta lugha ya katikati. CTI haina tatizo hilo: yake ni ya viwanda, na inaposema juu ya malighafi, umeme, viwango au bidhaa bandia, inasema upande mmoja bila kuyumba.

Ndiyo maana kwa mwenye kiwanda, hata kidogo, CTI ina faida ambayo chemba za jumla haziwezi kuifikia. Watu wake wanajua namba za ushuru za bidhaa, wanajua tofauti ya kuomba unafuu kwenye malighafi na kuomba ulinzi kwenye bidhaa iliyokamilika, na wanajua maombi hayo yapite wapi ili yafike kwenye vikao vya mawaziri wa fedha wa Jumuiya kabla ya bajeti. Pia ndiyo inayosimamia Tuzo ya Rais ya Mzalishaji Bora, ambayo kwa kampuni inayotafuta mkopo au mnunuzi mkubwa ni cheti cha heshima chenye kazi.

Shida yake ni umbali na ukubwa. Makao yako Dar es Salaam, na sauti kubwa ndani yake ni za viwanda vikubwa. Mwenye mashine moja ya kukamua alizeti Manyoni atakuta ajenda ya mkutano imejaa mambo ya saruji, chuma na vinywaji. Huyo namshauri aanze na TCCIA ya mkoa wake na SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, kisha aangalie CTI pale malighafi anayoagiza au bidhaa anayoshindana nayo kutoka nje inapoanza kumla faida. Kwa fundi wa Keko aliyekwisha kusajili kampuni na kuajiri, wakati huo umeshafika.

Mfano wa karibu zaidi wa maslahi kugongana namna hii ni amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu na saluni. Kilio cha muda mrefu cha Kariakoo kilikuwa kimesikika. Wakati huohuo Mtanzania mwenye tawi la biashara Nairobi au Kampala alianza kuhofia nchi jirani zisije zikajibu kwa amri kama hiyo. Soma chemba yako ilisema nini juu ya amri ile. Kauli moja ya namna hiyo itakuonyesha chama kinawalinda nani kuliko hotuba za mwaka mzima.

TWCC: kwa nani hasa?

Wanawake wengi huambiwa wajiunge TWCC kwa sababu tu ni wanawake. Mimi naona sababu hiyo haitoshi, na pia naona wanaoidharau hawajaitazama vizuri.

Nguvu yake iko kwenye hatua ambayo chemba nyingine huiruka: kumtoa mtu kwenye bidhaa nzuri isiyo na nembo ya ubora, vifungashio wala mnunuzi wa kudumu, hadi kwenye rafu na maonesho. Anayesaga lishe, anayetengeneza sabuni, anayekausha matunda, anayeshona batiki atapata pale wenzake waliokwishapita njia ya TBS (viwango vya ubora) na BRELA (usajili wa biashara), na mara nyingi nafasi ya kuonesha bidhaa kwenye Sabasaba kwa gharama ya kushirikiana. Hilo la wenzake ndilo kubwa. Mtu aliyelipia kipimo cha maabara mwaka jana atakueleza mambo ambayo afisa hawezi kukueleza.

Kuna fursa ambayo ningependa kuiona kwenye mpango wa mwaka wa kila tawi la TWCC: zabuni. Sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Siku hizi zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Mama mwenye kampuni ya usafi au ya chakula anaweza kuuza kwa hospitali ya wilaya na shule za serikali, ila lazima asajiliwe, ajue kupakia nyaraka, na awe na mtaji wa kusubiri malipo. Tawi lenye mtu wa kukaa naye mbele ya kompyuta hadi amalize usajili linastahili ada yake. Kama semina ya zabuni inaishia kwenye hamasa na vyeti vya kuhudhuria, ni bora fedha hiyo iende kwenye mtaji.

Mwanamke anayeagiza mizigo kwa makontena kutoka Guangzhou, tatizo lake si vifungashio. Huyo yuko kwenye kundi la JWT, na nafasi yake ni kuingia humo na kugombea uongozi.

Vyama vya sekta moja

Kwa ufupi: kama unaishi kwa zao moja au huduma moja, angalia chama cha sekta kabla ya chemba. Mkulima wa parachichi Njombe au maua Arusha atasaidiwa na TAHA, iliyoanza 2004, kwenye masuala ya viuatilifu, vyumba vya ubaridi na masoko kuliko chemba yoyote ya jumla. Mwenye kampuni ya watalii ana TATO pale Arusha tangu 1983. Machinga na vikundi vidogo Dar es Salaam wana VIBINDO. Ada ya chemba ije baada ya hapo.

Taarifa ya mwaka isomwe hivi

Ukishapunguza hadi viwili, omba taarifa ya mwaka na mpango wa mwaka ujao vya vyote viwili, uviweke mezani. Ofisi isiyotaka kukupa hata nakala ya mpango wake imeshakusaidia kuamua.

Anza na wanachama hai. Waliosajiliwa tangu zamani si hesabu. Hesabu ni waliolipa ada mwaka huu. Kisha tazama fedha zimetoka wapi: ada, huduma kama vyeti na maonesho, au wafadhili. Fedha za wafadhili si dhambi, na zimejenga mengi mazuri katika vyama vyetu. Ila chama kinachoishi kwa mradi mmoja kitafuata ajenda ya mradi, na mradi ukiisha, afisa aliyekuwa anapokea simu zako ataondoka nao.

Halafu nenda kwenye ushawishi, na hapo uwe mkali. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, unafuu mkubwa kwa maduka ya kati. Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea, kila chama kitayaandika kama mafanikio yake. Uliza andiko: pendekezo lenyewe, lenye tarehe ya kabla ya bajeti. Vivyo hivyo kwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue: chama kilichopeleka maoni kwa maandishi kitakuwa na nakala. Na heshima yangu huenda zaidi kwa taarifa inayotaja pia yaliyokataliwa, kwa sababu mpango wa mwaka ujao unaanzia hapo.

Taarifa ya 2025 ina kipimo chake cha pekee. Mwishoni mwa Oktoba, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Maduka yalifungwa na biashara za mtandaoni zikasimama. Chemba iliyokusanya hasara za wanachama wake na kuziwasilisha imefanya kazi ya chemba. Taarifa inayoruka kutoka Sabasaba hadi mkutano wa Desemba bila kutaja siku zile inanitia wasiwasi juu ya nani itamkumbuka mwaka ujao.

Kwenye mipango, angalia kalenda. Mwaka wa serikali huanza 1 Julai, bajeti husomwa katikati ya Juni, na mapendekezo ya kodi huhitajika miezi mingi kabla. Chama chenye mpango wa kukusanya maoni ya wanachama kuhusu kodi mwezi Mei kimechelewa tayari, hata kiandike andiko zuri namna gani. Kinachopita matawini kati ya Septemba na Novemba kinajua mchezo unachezwa lini.

Kwa walio Zanzibar na Kenya

Zanzibar ina chemba yake ya taifa, ZNCC, na mamlaka zake za kodi na leseni kwa mambo yasiyo ya muungano, kwa hiyo mwenye biashara Unguja au Pemba hana sababu ya kuanza na tawi la bara. Kenya mgawanyo unafanana na wetu: KNCCI ya 1965 iko kwenye kaunti zote 47 na ni ya kila aina ya biashara, KAM ya 1959 ni ya watengenezaji, KEPSA ya 2003 ni mwavuli. Swali la nani anaamua shida yako linafanya kazi huko pia, na tangu ugatuzi uanze, jibu la wafanyabiashara wengi wadogo ni serikali ya kaunti, ambayo inawaelekeza KNCCI.

Tawi likiwa limelala

Kuna hali moja inayosumbua mikoa mingi: chama kinachokufaa kwa kila hali kina tawi lisilofanya kazi. Ofisi imefungwa, mwenyekiti yuleyule, simu haipokelewi. Usikimbilie kulipia chama kisichokufaa kwa sababu tu ofisi yake iko wazi. Omba katiba ya chama, utazame muda wa uongozi wa tawi na idadi ya wanachama hai wanaohitajika kuitisha mkutano. Tafuta wenzako wa mtaa mmoja au soko moja, mlipe ada siku moja, mdai stakabadhi, kisha muandike barua makao makuu mkiomba uchaguzi wa tawi ufanyike kabla ya Septemba, ili mapendekezo ya bajeti yajayo yatoke kwenu.